Mtoto Aliyekuja Kariakoo na Siri ya Pumu

Mwaka juzi, wakati wa likizo ya Juni, msichana mmoja wa miaka 11 alishuka kutoka kijiji cha milima ya Uluguru, akapanda basi Morogoro, akaja Dar es Salaam kukaa kwa baba yake mdogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona mji. Mama yake alikuwa amemfungia mzigo: ndizi, njugu mawe, nguo mbili za kubadili, na kitenge kipya cha kumpa mama mdogo. Lakini lilikuwako jambo moja ambalo mama hakulifunga katika mzigo ule, wala hakulisema kwa simu. Mtoto yule alikuwa na pumu.

Mambo haya nilisimuliwa na baba mdogo mwenyewe. Amenipa ruhusa kuyaandika, kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu. Basi sitataja.

Huyu bwana anakaa Kariakoo, nyuma ya barabara ya Msimbazi, katika mojawapo ya zile nyumba za zamani ambazo bado zimesimama katikati ya maghorofa: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, na ua nyuma. Kazi yake ni kuuza unga na mchele. Magunia huyaweka chumbani, maana ukiyaacha nje asubuhi huyakuti. Mkewe hukaanga maandazi uani kwa mkaa tangu saa kumi alfajiri. Mgeni alitandikiwa godoro lake chini, karibu na magunia.

Usiku wa kwanza alilala vema. Usiku wa pili alikohoa. Usiku wa tatu, yapata saa nane, mama mdogo aliamka akamkuta mtoto ameketi, mikono ameishikiza magotini, mabega juu, kifua kinalia kama filimbi. “Lala, mwanangu,” akamwambia, “ni vumbi la safari tu.” Wakamlaza. Akaketi tena. Wakamlaza mara ya pili. Akaketi tena, safari hii akiwasukuma kwa mikono. Jirani mmoja aliyeamshwa na kikohozi akasema huenda ni pepo wa njiani. Basi chetezo kikaletwa, ubani ukachomwa, na mlango ukafungwa ili moshi usitoke.

Msomaji aliye na mgonjwa wa pumu nyumbani mwake amekwisha kujua kilichofuata.

Mtoto alipoulizwa, “Wasikia nini?” alijibu neno moja, akavuta pumzi; neno la pili, akavuta pumzi. Ngozi ya katikati ya mbavu ilikuwa ikidumbukia ndani kila avutapo. Ndipo akaingia bibi wa chumba cha mbele, mzee wa Kizaramo auzaye karafuu, iliki na mdalasini. Alisimama mlangoni kidogo tu, akisikiliza.

“Toeni chetezo hicho! Fungueni dirisha na mlango. Mtoto huyu ana pumu. Miaka 40 nimekaa nayo, sauti hii naijua kama niijuavyo adhana.”

Akamketisha mtoto kitini, akamwegemeza mbele kidogo, mikono juu ya meza. Kisha akarudi chumbani kwake, akaleta dawa yake ya kuvuta pamoja na chupa tupu ya maji, ile ya plastiki, iliyotobolewa kitakoni. “Mjukuu wangu, tia mdomo hapa. Vuta polepole. Usiogope, bibi yako yupo.”

Baada ya muda mtoto aliweza kusema sentensi moja nzima, nayo ilikuwa hii: “Bibi, hata mimi nyumbani ninayo dawa kama hii. Mama alisema niiache.”

Walimpeleka hospitali usiku uleule kwa bajaji. Alipewa hewa ya oksijeni, dawa ya mvuke na vidonge, akalala huko siku moja. Asubuhi baba mdogo alimpigia simu mke wa kaka yake. “Shemeji, mbona hukutuambia?” Upande wa pili palikuwa kimya. Halafu mama akasema, “Niliona aibu, shemeji. Nilidhani mtasema nimewaletea mgonjwa. Naye ni msichana. Watu wakijua leo, kesho nani atamposa?”

Nilimwuliza huyu bwana kama alimkasirikia. Akajibu, “Kwa saa moja, ndiyo. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyefunga mlango, na moshi ukiwa ndani.”

Pumu ni kitu gani?

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa zilizo kifuani. Njia hizo hutawanyika mapafuni kama matawi ya mti. Kwa mtu mwenye pumu, kuta zake za ndani zina uvimbe mdogo wa siku zote, hata siku ambayo hasikii neno lo lote. Ni kama ngozi iliyobabuka: ikiguswa kidogo tu, yauma. Kikija kitu cha kuzichokoza, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Misuli inayozizunguka hujikaza. Kuta huvimba zaidi. Ute mzito huziba nafasi iliyobaki. Hapo hewa huingia kwa taabu na hutoka kwa taabu kubwa zaidi, ndiyo maana mlio ule wa filimbi husikika hasa mtu atoapo pumzi. Ukitaka kuonja kidogo, ziba pua, uvute na kutoa pumzi kwa mrija wa soda kwa nusu dakika. Kisha fikiri kufanya hivyo usiku kucha.

Pumu haiambukizi. Kikombe, kijiko, shuka, kitanda kimoja, hakuna kiletacho pumu kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine. Aghalabu hupita katika ukoo, pamoja na maradhi ndugu zake, kama vile ngozi iwashayo na mafua ya kupiga chafya kila asubuhi. Lakini hata mtoto ambaye babu wala bibi hawakuwa nayo aweza kuipata. Wala si jambo la nadra. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 ulimwenguni walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo. Wengi wa waliokufa walikuwa wa nchi zisizo na mali nyingi. Si kwamba pumu ya huku ni kali kuliko ya Ulaya. Ni kwamba huku haitambuliwi mapema, na dawa inayofaa haiko karibu au mtu haijui. Uchunguzi uliofanywa Tanzania na Kameruni, mjini na mashambani, ukatangazwa mwaka 2004, uliona kwamba dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu ilitumiwa na watu wachache sana.

Hewa ya Kariakoo

Jina Kariakoo lilitokana na wapagazi wa jeshi la Kiingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi mahali pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Tangu hapo pamekuwa mahali pa mizigo. Soko kubwa tulijualo, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, nalo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuta watu 128,742 katika Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilikuta 5,383,728. Na nusu yao, waonavyo wanaojaribu kupita Mtaa wa Congo siku za kuelekea Noeli au Idi, huwa wako Kariakoo kwa wakati mmoja.

Kwa mwenye pumu, mahali hapa pana kila kichokozi. Kuna vumbi la unga na la pilipili zinaposagwa. Kuna vumbi la dagaa wakavu wanapomwagwa kutoka guniani. Kuna marobota ya mitumba yanayofunguliwa na kukung'utwa, manyoya ya kuku, moshi wa mkaa na wa mishikaki, moshi wa pikipiki na wa jenereta umeme ukikatika. Vyumbani mna mende, na magodoroni mna wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho. Vumbi la vinyesi vyao ni adui mkubwa wa kifua. Kutani mna ukungu wa unyevu baada ya masika. Usiku huwashwa dawa ya mbu ya kuchoma, udi, manukato. Na ubani: mwenye pumu hata kanisani yafaa akae karibu na dirisha, wala Mungu hatamhesabia kwamba amekaa nyuma. Ghorofa lilipoporomoka pale Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, vumbi lilijaa mtaani. Siku ya namna hiyo mwenye pumu hana haja ya kwenda kutazama.

Lakini ninyi wa kijijini msijidhani mko salama kwa sababu ya miti na hewa safi. Jiko la mafiga matatu katika nyumba isiyo na dirisha hutoa moshi mwingi kuliko barabara ya Msimbazi. Kupepeta mpunga, kupukuchua mahindi, kufagia ghala, kuchoma shamba, asubuhi ya baridi milimani, yote haya huamsha pumu. Serikali ilitangaza mwaka 2024 mpango wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, ili kufika mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapike bila moshi wa kuni na mkaa. Mpaka hapo, mama aweza kupikia nje wakati wa kiangazi, kutoboa dirisha la pili jikoni, na kumwondoa mtoto mwenye pumu karibu na jiko. Haya hayahitaji mpango wa serikali.

Vichokozi vingine havina vumbi. Mafua ya kawaida ndiyo huanzisha shambulio kwa watoto wengi. Kukimbia sana, kucheka sana, kulia sana, hofu. Kwa watu wengine, dawa: aspirini na dawa za maumivu za jamii yake huwabana baadhi ya watu wenye pumu, na baadhi ya dawa za presha, kama propranolol, hazifai kwao. Kwa hiyo kila uendapo kwa mganga au duka la dawa kwa ugonjwa mwingine wo wote, sema kwanza, “Nina pumu.”

Kuitambua

Si kila kikohozi ni pumu. Pumu huenda na kurudi. Leo mtoto anacheza mpira, kesho usiku anakohoa hadi alfajiri, keshokutwa mzima. Hupenda usiku wa manane na mapambazuko. Mtoto akohoaye kila usiku bila homa, au yule ambaye wenzake wanakimbia naye anasimama kushika magoti, huyo apelekwe akapimwe, hata kama hujasikia filimbi.

Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, mpeleke mtu akapime makohozi, huenda ni kifua kikuu. Mtoto mwenye homa kali na pumzi za haraka huenda ana nimonia. Mtoto aliyekuwa mzima kabisa, akala karanga akapaliwa, na tangu hapo kifua chalia upande mmoja, huenda karanga imeingia njia ya hewa. Huyo aende hospitali siku ileile. Na mzee anayeanza kubanwa pumzi huku miguu imevimba, afikiriwe moyo. Daktari anavyo vyombo vya kumpulizisha mtu ili kupima nguvu ya pumzi zake, navyo husaidia kuamua.

Shambulio lenyewe lina ngazi. Mwanzoni mtu hukohoa, kifua hubana, filimbi husikika, lakini anatembea na kuongea. Yule asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja amekwisha kufika mahali pabaya. Hesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi: mtu mzima, au mtoto wa zaidi ya miaka 5, akipita pumzi 30 kwa dakika, hali ni mbaya, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, ni zaidi ya 40. Tazama mbavu na shimo la koo kama vinadumbukia. Kwa sisi watu weusi msitazame mashavu. Tazameni ulimi, ufizi, upande wa ndani wa midomo na kucha, kama vimekuwa vya rangi ya majivu au samawati.

Lipo jambo moja linalodanganya wengi, nami naomba mlisome mara mbili. Mgonjwa aliyekuwa akipiga filimbi kwa nguvu akinyamaza ghafula, huku amechoka, amelegea, anasinzia au anasema ovyo, hajapona. Amenyamaza kwa sababu hewa haipiti tena. Wengi humfunika shuka wakishukuru kwamba sasa amelala. Huyo ndiye wa kukimbizwa kuliko wote.

La kufanya wakati wa shambulio

Mketishe. Usimlaze chali. Aegemee mbele, viwiko juu ya meza au juu ya magoti. Mfungulie vifungo na mkanda. Watu wote wasio na kazi watoke chumbani, maana katika nyumba zetu mgonjwa mmoja huletewa watu 15 na kila mmoja huvuta hewa yake. Mwondoe penye moshi na vumbi. Sema naye polepole. Hofu hukaza kifua zaidi, na hofu ya mama mtoto huiona usoni kabla mama hajafungua kinywa.

Mpe dawa yake ya kuvuta ya kufungua kifua, ambayo mjini wengi huiita inhela. Itikise, uitie katika chupa, ubonyeze mara 1, naye avute na kutoa pumzi mara 4 ndani ya chupa kwa utulivu. Tikisa tena, bonyeza tena. Fanya hivyo mpaka mibonyezo 4. Ngoja dakika 4. Ikiwa hajapata nafuu, rudia mibonyezo 4. Ikiwa bado, anza safari ya hospitali, na njiani uendelee kumpa mibonyezo 4 kila baada ya dakika 4. Moyo utamdunda na mikono itatetemeka kidogo; hilo ni jambo la dawa, litapita, nalo si hatari kama kukosa pumzi. Lakini mgonjwa mwenye zile dalili mbaya nilizotaja msikae kuhesabu dakika nyumbani. Mpeni dawa huku mtu mwingine anatafuta chombo. Kijijini, ambako zahanati iko mbali na pikipiki haipatikani kila saa, msingoje dalili mbaya. Anzeni safari mapema, naye apakiwe ameketi wima, ameshikwa na mtu mzima.

Na hata kama amepata nafuu, mpelekeni akaonwe siku ileile, maana shambulio hupenda kurudi. Hospitali huenda akapewa vidonge vya prednisolone kwa siku chache, vya kutuliza uvimbe. Vimezwe mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa, hata kama mtoto anaruka kamba.

Tena, msimfukize. Msimpe dawa ya kikohozi ya chupa, wala ya usingizi. Msimlazimishe kunywa maji mengi anapohema. Msimpake mafuta makali puani.

Ikiwa hakuna dawa kabisa, basi kuketi wima, hewa safi, utulivu na safari ya haraka. Hapa wazee watauliza juu ya kahawa chungu. Si uzushi. Daktari Mwingereza Henry Hyde Salter, ambaye yeye mwenyewe aliugua pumu, aliisifu kahawa nzito katika maandiko yake ya miaka ya karibu na 1860, na wataalamu wa siku hizi wameona kwamba kweli hufungua njia za hewa kidogo. Lakini ni kidogo. Mtu mzima aliye njiani kwenda hospitali akinywa kikombe cha wale wauza kahawa wa Kariakoo, hajakosea. Akikaa barazani kungoja kahawa imponye, amekosea.

Dawa mbili, kazi mbili

Ile dawa ya kufungua kifua jina lake ni salbutamol, na aghalabu kopo lake ni la buluu. Hulegeza misuli kwa dakika chache, na nguvu yake hudumu saa 4 hivi. Haiponyi uvimbe. Kazi ya kutuliza uvimbe ni ya dawa ya pili ya kuvuta, ya kuzuia, kama vile beclometasone au budesonide. Hii huvutwa kila siku, mtu akiwa mzima, nayo huchukua siku na hata wiki kabla ya kuonekana faida yake. Ndiyo maana wengi huitupa. Wanaivuta wakati wa shambulio, haileti nafuu, wanasema ni maji matupu. Baada ya kuivuta, sukutua na kutema, ili utando mweupe usiote kinywani.

Kutegemea dawa ya buluu peke yake ni kupaka chokaa ukuta unaobomoka. Tangu mwaka 2019 wataalamu wa pumu wa ulimwengu hawashauri tena kwamba mtu mzima au kijana atibiwe kwa salbutamol peke yake. Wataka apate pia dawa ya kutuliza uvimbe. Akiihitaji ile ya buluu zaidi ya mara 2 kwa wiki, au akiamshwa na kifua usiku, aelewe kwamba pumu yake haijashikwa, arudi kwa daktari. Vipo pia vidonge vya salbutamol, ambavyo mashambani vyapatikana zaidi. Hukawia kufanya kazi na hutetemesha zaidi, kwa hiyo ukiweza kupata ya kuvuta, chagua hiyo.

Kuna watu wasemao kwamba dawa ya kuvuta “humzoesha” mtu, au kwamba ni ya wanaokaribia kufa. Nimeyasikia haya mjini kwa watu waliosoma. Ukweli ni kwamba dawa ya kuvuta huenda kifuani moja kwa moja kwa kiasi kidogo mno, ambapo kidonge hupita mwili mzima. Mwanzo wake ulikuwa swali la mtoto. Mwaka 1955 msichana wa miaka 13 huko Marekani, binti wa George Maison aliyekuwa mkuu wa kampuni ya dawa ya Riker, alichoshwa na kichupa chake cha kioo na mpira wa kubinya, akamwuliza baba yake kwa nini dawa yake isitiwe katika kopo la kupuliza kama dawa ya nywele. Mwaka uliofuata makopo ya kwanza yalikuwa madukani. Salbutamol yenyewe ilikuja mwaka 1969.

Tatizo ni kwamba kuvuta na kubonyeza kwa wakati mmoja ni kazi ngumu, hasa kwa mtoto mwenye hofu, na dawa nyingi huishia kooni. Hapo ndipo chupa ya yule bibi. Vyombo vya kiwandani vya kazi hiyo vipo, ila bei yake si ya kila mtu. Huko Cape Town, Daktari Heather Zar na wenzake walijaribu chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita kwa watoto waliobanwa na pumu, na mwaka 1999 wakatangaza kwamba inafaa sawasawa na chombo cha dukani.

Itengenezeni hivi. Twaa chupa safi ya maji ya nusu lita. Pinda waya uwe na umbo la mdomo wa inhela, uupashe moto, uyeyushie tundu kitakoni mwa chupa. Inhela iingie kwa kubana; zunguka kwa utepe wa gundi ili dawa isitoroke. Ioshe kwa maji ya sabuni, uiache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, maana plastiki ikisuguliwa hunasa dawa kutani mwake. Mtoto atie kinywa penye mdomo wa chupa, midomo imebana. Mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo ahitaji kifuniko cha uso. Hicho muulizeni mganga.

Madaktari hawapendi watu waazimane dawa, nao wana haki. Lakini nilipowauliza juu ya yule bibi, walisema kwamba usiku ule, kwa mtoto yule, alifanya vema.

Msichana alirudi Uluguru baada ya wiki mbili akiwa na dawa zote mbili, ya kufungua na ya kuzuia. Baba mdogo amehamisha magunia, sasa yanalala kwa jirani kwa malipo kidogo, na jiko la maandazi limesogezwa mpaka mwisho wa ua. Desemba mtoto alikuja tena kwa Noeli. Safari hii ndani ya begi, juu ya nguo, palikuwa na chupa ya nusu lita aliyoitoboa baba yake kwa waya wa baiskeli, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mama: ugonjwa wake, majina ya dawa, mibonyezo mingapi, vitu vinavyombana, na namba ya simu. Karatasi ya pili kama hiyo, alisema, iko kwa mwalimu wake. Basi lilikuwa halijatoka Morogoro, na mama alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili.

Jambo la kwanza aliloliuliza mtoto aliposhuka ni kama bibi wa chumba cha mbele yupo. Alikuwa amemletea iliki kutoka nyumbani, yeye auzaye iliki.